Kisichoandikwa Hakilipwi: Mpango wa Kaunti na Kalenda ya Mfugaji

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Garissa kuhusu mipango ya maendeleo endelevu



Wahenga walisema mipango si matumizi. Mtu anaweza kupanga mengi na asitekeleze hata moja. Lakini katika serikali ya kaunti msemo huo una upande wa pili: matumizi bila mpango hayaruhusiwi. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka kila kaunti ipange, na kinakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Maana yake kwa mkazi wa Balambala, Modogashe au Hulugho ni nyepesi kueleweka. Silanga ambayo haikuandikwa haitachimbwa. Zahanati ambayo haikuandikwa haitajengwa. Kiongozi anaweza kuahidi mbele ya umati mzima, lakini siku ya malipo mhasibu hafungui ahadi. Hufungua kitabu cha mpango na kitabu cha bajeti.

Mazungumzo haya yanahusu kitabu hicho: kilikotoka, kinavyoandikwa siku hizi, na sababu ya mfugaji kutojiona ndani yake mara nyingi.

Maana ya maendeleo endelevu

Maneno "maendeleo endelevu" yalienea duniani mwaka 1987, baada ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway kutoa ripoti yake. Tume hiyo ilieleza kuwa ni maendeleo yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho njia ya kutosheleza yao. Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana juu ya malengo 17 ya kufikiwa ifikapo 2030, na serikali nyingi, Kenya ikiwemo, zikayaingiza katika mipango yao.

Kwa mfugaji wa Garissa jambo hilo si geni. Familia inayoijua kazi yake haimalizi malisho ya karibu wakati wa mvua. Wakati wa gu na deyr, mifugo hupelekwa mbali, kwenye nyasi mpya na madimbwi ya muda. Nyasi zilizo karibu na mto na visima vya kudumu huachwa zipumzike, maana zitahitajika jilaal itakapobana. Huo ni mpango kamili. Haukuandikwa kwa kalamu, lakini una majira, una mipaka, una wazee wa kuusimamia, na una adhabu kwa anayeuvunja.

Tatizo la eneo hili halikuwa watu wasiojua kupanga. Kulikuwa na mipango miwili, wa taifa na wa mfugaji, na kwa miaka mingi haikukutana.

Kipimo cha mwaka 1965

Wakoloni waliitawala Northern Frontier District kama eneo lililofungwa. Aliyetaka kuingia au kutoka alihitaji kibali. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mkoa uliingia katika vita vya shifta na sheria za hali ya hatari, ambazo hazikufutwa hadi mwaka 1991. Wakati maeneo mengine yakijenga shule na barabara, hapa serikali ilijulikana zaidi kwa kituo cha polisi na kizuizi cha barabarani.

Katika miaka hiyo hiyo wataalamu jijini Nairobi walikuwa wakiandika mpango wa taifa. Mwaka 1965 serikali iliwasilisha Bungeni Waraka Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Waraka ulikuwa na hoja yake. Nchi ilikuwa changa na fedha zilikuwa chache. Ukaamua kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta mazao makubwa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Mali ikipatikana huko, sehemu nyingine za nchi zingesaidiwa nayo baadaye.

Hakuna aliyehitaji kuandika kwamba Garissa, Wajir na Mandera ziachwe. Kipimo chenyewe kilitosha. Mahali pasipo na barabara palikosa barabara kwa sababu hapakuwa na barabara. Mahali pasipo na umeme palikosa umeme kwa sababu hiyo hiyo. Ng'ombe, ngamia na mbuzi waliokuwa wakitembea kwa miguu kwenda kulisha miji hawakuonekana kwenye hesabu ya ardhi yenye rutuba na mvua, ingawa walikuwa mali.

Mto Tana unaonyesha jambo hilo vizuri. Juu ya mto huo yalijengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Umeme wake uliwasha taa za Nairobi na viwanda vya mbali. Maji yaliyozungusha mitambo hiyo yalipita chini ya daraja la Garissa kila siku, lakini mji wa Garissa wenyewe uliendelea kutegemea jenereta za dizeli hadi katikati ya miaka ya 2010, ulipounganishwa na gridi ya taifa. Mabwawa yanapofurika, maji huteremkia kwa watu wa chini. Wakazi wa kingo za mto hawajasahau mafuriko ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024.

Mpango wa umeme haukuwa na kosa la hesabu. Ulihesabu kilowati. Haukuwahesabu watu wa mto wa chini.

Miradi iliyokuja bila kuuliza

Si kweli kwamba hakuna mradi ulioletwa katika eneo hili. Miradi ililetwa, na mingine ilikuwa mikubwa. Inafaa kuitazama mitatu, kwa kuwa kila mmoja umeacha funzo.

Wa kwanza ni vitalu vya malisho. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali na wafadhili waliendesha mradi wa maendeleo ya mifugo katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ardhi iligawanywa kwenye ramani kuwa vitalu, visima na masilanga yakachimbwa, na ikatarajiwa kwamba wafugaji wangetumia vitalu hivyo kwa zamu. Nia ilikuwa njema. Lakini mvua ya nchi kavu haifuati ramani. Inaweza kunyesha kitalu kimoja na kuruka cha jirani miaka miwili mfululizo. Tena kisima cha kudumu kinapochimbwa katikati ya malisho ya masika, mifugo haiondoki. Nyasi zilizotegemea kupumzika hazipumziki tena. Mahali pengi palianza na kisima, pakafuata maduka, pakafuata kijiji, na baada ya miaka kadhaa ardhi ya kukizunguka ikabaki vumbi. Mashine ilipoharibika na fundi asipatikane, watu walibaki bila maji na bila malisho.

Wa pili ni mradi wa umwagiliaji wa Bura, ng'ambo ya Tana, upande wa Kaunti ya Tana River. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mpango wa awali ulikuwa kumwagilia takriban hekta 6,700. Gharama zilipanda sana, na eneo lililofikiwa likaishia karibu hekta 2,500. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli. Pampu zilizeeka, mafuta yakawa ghali, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba mengi yalikuwa yamekauka huku familia zilizoletwa kutoka mbali zikibaki hapo. Baadaye serikali ilianza kujenga mfereji wa kuleta maji kwa mteremko, bila dizeli. Funzo lake ni hili: mradi huhukumiwa na miaka inayofuata baada ya kuzinduliwa, wakati mfadhili ameondoka na bili ya mafuta inabaki kwa mwenyeji.

Wa tatu ni mti ambao kila mtu anaujua: mathenge. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Bura, Hola, Baringo na Turkana kwa lengo la kupata kuni, kivuli na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Unastahimili ukame kuliko miti mingi, na hiyo ndiyo sababu uliochaguliwa. Leo umefunga njia za kwenda mtoni, umevamia mashamba ya kingo za Tana, na miiba yake huwalemaza mifugo. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka hadi mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda matamu ya mti huo. Waliopanda mathenge waliuliza kama utaota. Hawakuuliza nani atauzuia ukishaota.

Mambo haya hayakutokea Kenya peke yake. Nchini Ethiopia, katika bonde la mto Awash, serikali ilitoa ardhi ya kingo za mto kwa mashamba makubwa ya pamba na miwa katika miaka ya 1960 na 1970. Kwa Waafar, kingo hizo zilikuwa malisho ya kiangazi, akiba ya siku mbaya. Kwenye ramani ilionekana ni ardhi isiyotumika, kwa sababu mchoraji alifika msimu ambao mifugo ilikuwa mbali. Kila malka inayozibwa kwenye Tana, yaani kila njia ya mifugo kwenda kunywa, inarudia kosa lilo hilo kwa kiasi kidogo.

Kipimo kimebadilika

Mambo yalianza kugeuka taratibu. Mwaka 2008 serikali ilizindua Ruwaza ya 2030, na mwaka huo huo ikaunda wizara ya kushughulikia maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na maeneo mengine kame. Mwaka 2012 serikali ilipitisha Waraka Nambari 8 kuhusu maendeleo endelevu ya Kaskazini mwa Kenya. Waraka huo ulikubali kwamba sera za zamani zilichangia kuliacha nyuma eneo hili, na kwamba ufugaji wa kuhamahama ni njia halali ya uchumi inayofaa kuimarishwa. Kutoka Waraka Nambari 10 hadi Waraka Nambari 8 ilipita miaka 47.

Ushahidi mwingine uko hapa Garissa. Desemba 2019 kituo cha umeme wa jua kilizinduliwa rasmi karibu na mji, chenye uwezo wa karibu megawati 55 kwenye eneo la ekari zaidi ya 200. Wakati huo kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake Afrika Mashariki na Kati. Jua lile lile ambalo kwa kipimo cha 1965 lilikuwa ila, sasa ni mali inayoingia kwenye gridi ya taifa. Soko la mifugo la Garissa nalo huvuta wanunuzi kutoka Nairobi na Mombasa. Ardhi haikubadilika. Kilichobadilika ni kipimo.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na Katiba ya 2010, iliyogawa nchi katika kaunti 47 na kuanzisha mgao wa mapato. Katika fomula ya kwanza ya mgao huo, iliyotumika kuanzia ugatuzi ulipoanza, idadi ya watu ilibeba asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa ardhi asilimia 8 na uwajibikaji wa kifedha asilimia 2. Fomula imebadilishwa tangu hapo, na mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa miezi kadhaa kabla ya kukubaliana. Lakini idadi ya watu na umaskini bado vina uzito mkubwa, na hapo ndipo sensa inapogusa bakuli la kila nyumba. Mwaka 2010 serikali ilikataa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, Lagdera ikiwa mojawapo, na mabishano kuhusu hesabu ya watu wa eneo hili yamefika mahakamani zaidi ya mara moja. Mtu asiyehesabiwa ni dawa isiyonunuliwa. Aliyehesabiwa mara mbili naye huharibu imani ya nchi nzima kwa hesabu ya eneo lake.

Ibara ya 204 ya Katiba ilianzisha pia Hazina ya Usawazishaji. Hupewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa sera yake ya kwanza ilitaja kaunti 14, Garissa, Wajir na Mandera zikiwemo. Lakini hazina hiyo ilipewa miaka 20 tu kuanzia Katiba ilipoanza kutumika. Muda wake unakwisha mwaka 2030, isipokuwa Bunge liuongeze kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Huo ni mlango ulio wazi leo, na una tarehe ya kufungwa.

Kitabu kinavyoandikwa

Mpango mkuu wa kaunti huitwa Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti. Ni wa miaka mitano. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili 2018 hadi 2022, na wa tatu 2023 hadi 2027. Mpango wa 2028 hadi 2032 ndio utakaofuata.

Kutokana na mpango huo wa miaka mitano hutolewa mpango wa kila mwaka, na kutokana na wa mwaka hutolewa bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Mpango wa mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani, ambao huitwa Waraka wa Mkakati wa Fedha, hufikishwa kabla ya Februari 28. Makadirio ya bajeti yenyewe hufika kabla ya Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sheria pia inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo.

Katika hatua zote hizi, wananchi lazima washirikishwe. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinasema ushirikishaji wa umma katika mipango ni wajibu. Kifungu cha 88 kinampa kila mkazi haki ya kuiandikia kaunti ombi juu ya jambo lolote lililo chini yake, na cha 89 kinailazimu kaunti kujibu. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na nakala ya mpango ni mojawapo ya habari hizo.

Kalenda mbili

Sasa tarehe hizo ziwekwe kando ya kalenda ya mfugaji.

Kabla ya Septemba 1, mpango wa mwaka unapoandikwa, ni hagaa. Vijana wengi wako na ng'ombe kwenye malisho ya mbali, wengine wamevuka hadi Ijara au kandokando ya Tana. Kabla ya Februari 28, mgao wa idara unapoamuliwa, ni jilaal yenyewe. Akina mama wanatumia siku nzima kutafuta maji na wanaume wanahesabu mizoga. Mwezi Aprili, bajeti inapojadiliwa, gu imeingia, barabara za udongo zimekatika na lori haliwezi kutoka Hulugho.

Kwa hiyo mikutano ya ushirikishaji ikiitishwa katika makao ya wadi kwa tangazo la siku chache, wanaofika ni walio karibu: wenye maduka, wanasiasa wa mtaa, wakandarasi, na vijana wa mjini. Hao nao ni wakazi na wana haki ya kusema. Lakini mwenye ngamia 40 walio mwendo wa siku tatu hayupo. Mama anayeteka maji kwenye laga hayupo. Jina la mahali wanapohitaji maji linatajwa na mtu asiyechunga huko, au halitajwi kabisa. Halafu karatasi inaonyesha kwamba wananchi walishirikishwa, na ni kweli kwamba sahihi zipo.

Kalenda hizo zinagongana pia wakati wa utekelezaji. Silanga inatakiwa ichimbwe na kukamilika kabla ya mvua ya deyr, yaani kabla ya Oktoba. Mwaka wa fedha ukianza Julai, na fedha zikichelewa kufika kutoka Nairobi kama zinavyochelewa mara kwa mara, trekta linaingia Novemba na kukuta matope. Kazi husogezwa hadi jilaal, maji ya msimu mzima yameshapita, na mifugo imeshakufa. Malori ya maji hukodishwa kwa fedha ambazo zingetosha kuchimba silanga ya pili. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana, uliwafundisha wakazi wa Garissa gharama ya kuchelewa huko.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi na kuipa kaunti daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kupona. Mpango mzuri haungoji daraja la dharura. Unaandika mapema kwamba tahadhari ikitangazwa, kitu fulani kitafanywa, na idara fulani, kwa fedha zilizotengwa tayari. Maji yaliyopangwa wakati wa kawaida ni rahisi kuliko maji ya lori wakati wa dharura.

Maswali matano kabla ya mradi

Kuzilinganisha kalenda hizo mbili ni kazi ya kaunti na ya wakazi pia. Upande wa kaunti, mikutano inaweza kufanywa pale watu walipo: siku ya soko la mifugo, kwenye kisima cha kudumu wakati wa jilaal, baada ya sala ya Ijumaa, na kikao cha akina mama peke yao panapofaa. Matangazo yanaweza kutolewa kwa Kisomali redioni wiki kadhaa kabla. Upande wa wakazi, koo na vijiji vinaweza kukubaliana mapema, wakati wa gu watu wanapokutana karibu na nyumbani, juu ya mambo matatu wanayoyahitaji kuliko yote. Mambo hayo yaandikwe na yakabidhiwe kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wa wadi, kisha nakala iliyopigwa muhuri ihifadhiwe. Mkutano ukiitishwa wakati wenyewe wako malishoni, karatasi itasema kwa niaba yao.

Tena kila mradi unapoletwa, hata ule unaopendwa, inafaa uulizwe maswali matano.

La kwanza: uko wapi hasa? "Silanga katika wadi" si mahali. Mahali pana jina, na wazee wanajua kama ni malisho ya masika yasiyopaswa kuwekewa maji ya kudumu, au ni njia ya mifugo, au ni malka.

La pili: maji yapo na yanafaa? Akiba ya maji ya chini ya ardhi ya Merti, inayopita Habaswein na Dadaab kuelekea Liboi, ina maji matamu katikati na ya chumvi pembeni. Mzee aliyenywa maji ya visima vyote vya eneo lake anaweza kuokoa mamilioni ya shilingi kwa neno moja kabla mashine haijafika.

La tatu: utakamilika kabla ya mvua ipi? Jibu liwe mwezi, lisiwe mwaka.

La nne: nani atautunza, na kwa fedha gani? Pampu ya sola haihitaji dizeli, lakini inahitaji mlinzi na fundi. Silanga inahitaji ua, birika la kunyweshea nje ya ua, na kuondolewa tope kila baada ya misimu michache. Bila hayo, mradi wa leo ni shimo la kesho.

La tano: nani anapoteza? Karibu kila mradi una anayepoteza njia, malisho au maji. Akijulikana mapema, mazungumzo hufanyika chini ya mti. Akijulikana mwisho, mazungumzo hufanyika kwa bunduki, na eneo hili limeshazika watu wa kutosha kwa sababu ya visima.

Maswali haya yanalindwa na sheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao na kuamua itumiweje. Kaunti nayo inatakiwa kuwa na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi, wenye ramani. Njia za mifugo, malka na malisho ya akiba zikichorwa humo, mpango wa mfugaji utakuwa umeingia kwenye kitabu cha serikali, na atakayetaka kuziba malka atakuta imeshaandikwa.

Tarehe zinazokuja

Garissa ina zaidi ya kilomita mraba 44,000, na hakuna bajeti itakayotosha kila kilomita. Kupanga ni kuchagua, na kuchagua kunauma. Wadi moja itapata hospitali na nyingine itangoja. Jambo la haki ni kwamba anayengoja ajue kwa nini anangoja, hadi lini, na aione zamu yake imeandikwa.

Mpango wa tatu wa kaunti unakwisha mwaka 2027. Uchaguzi mkuu unafanyika Agosti mwaka huo, na mara tu baada ya serikali mpya kuapishwa, kazi ya kuandika mpango wa 2028 hadi 2032 itaanza, karibu na hagaa inapomalizika na deyr kukaribia. Watakaokuwa na orodha zao tayari watasikika. Watakaongoja kuitwa watakuta ukurasa umejaa. Mwaka wa tatu wa mpango huo, yaani 2030, ndio mwaka ambao Hazina ya Usawazishaji inafikia ukomo wake.

Mwaka 1965 mpango wa taifa uliandikwa bila mtu wa Garissa kuulizwa, na wajukuu bado wanatembea mwendo mrefu kutafuta maji kwa sababu ya kurasa chache. Leo sheria inasema aulizwe. Mkazi akiulizwa akanyamaza, au akiulizwa akiwa malishoni na asiwe ameacha neno, kurasa zitajaa vilevile, na watakaozisoma miaka 50 ijayo hawatajua kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema.